Siku moja ya Bunge la Malodi, Februari 1542: namna ya kusoma kumbukumbu zisizo na hotuba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria, mwaka wa pili. Katika somo la historia ya sheria tumepewa kurasa chache za kumbukumbu za Bunge la Malodi la Uingereza, za Januari na Februari 1542. Zinaishia kikao cha tarehe 11 Februari, siku ambayo muswada dhidi ya Malkia Katherine Howard, mke wa tano wa Mfalme Henry VIII, ulipata ridhaa ya mfalme. Naona orodha za majina, "leo umesomwa mara ya kwanza", kisha kikao kinaahirishwa. Mjadala karibu haupo kabisa. Insha ya kurasa tano nitaitoa wapi hapo? Na jambo linalonisumbua zaidi: siku ile walitunga sheria, au walimhukumu mtu kifo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye uzito. Walifanya yote mawili kwa tendo moja. Muswada uliomtia Katherine hatiani ulikuwa sheria kamili. Ulipita Bunge la Malodi na Bunge la Makabwela, ukapata ridhaa ya mfalme, na ndani yake mlikuwa na hukumu ya kifo ya mtu aliyetajwa kwa jina. Malkia hakupandishwa kizimbani. Hakuna shahidi aliyehojiwa mbele yake, hakuna jaji aliyeandika hukumu na kutoa sababu.

Sasa angalia maana yake kwako unayeandika insha. Mtu akihukumiwa mahakamani, unauliza kama kanuni za ushahidi zilifuatwa. Mtu akihukumiwa kwa muswada, kinga pekee aliyonayo ni zile hatua za kutunga sheria. Muswada umesomwa lini? Umekaa siku ngapi kabla ya kusomwa tena? Nani aliinuka akasema tusiharakishe, na baada ya hapo nini kikafuata? Hatua hizo ndizo alizoziandika katibu wa bunge lile. Hotuba hakuziandika kwa sababu haikuwa kazi yake. Wewe umefungua kurasa zile ukitafuta Hansadi, yaani taarifa ya mijadala neno kwa neno, nami nakuomba uzisome kama mwanasheria anavyosoma jalada la kesi.

Kwanza, rekebisha tarehe. Katika kumbukumbu zenyewe utaona mwaka 1541. Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari na Februari zilikuwa bado za mwaka wa jana. Mkutano huu wa bunge ulifunguliwa Westminster tarehe 16 Januari 1542 kwa hesabu yetu, ukiwa mwaka wa 33 wa utawala wa Henry VIII. Ndiyo maana sheria zilizopita katika mkutano uleule, kama ile ya kwanza ya Uingereza dhidi ya uchawi na ile ya kupiga marufuku michezo iliyowaondoa vijana kwenye mazoezi ya upinde, mara nyingi huitwa za 1541. Liweke hili kwenye tanbihi ya kwanza ya insha yako ili msomaji asichanganyikiwe.

Sasa zile orodha za majina, ambazo naona umeziruka. Usiziruke. Kila siku ya kikao katibu aliandika safu za waliostahili kuwapo: maaskofu upande wao, halafu wakuu wa ukoo kuanzia duke na kushuka, kisha mabaroni. Aliyekuwapo aliwekewa herufi p mbele ya jina lake. Orodha zenyewe zinakusimulia mapinduzi yaliyokuwa yametokea karibuni. Miaka michache nyuma safu ya viongozi wa dini ilikuwa na maaskofu pamoja na maabate wa nyumba kubwa za watawa, na kwa pamoja waliweza kuwafikia au hata kuwazidi malodi wa kidunia. Henry akazifunga nyumba zile, abasia ya mwisho, ya Waltham, ikajisalimisha Machi 1540. Katika karatasi zako hakuna abate hata mmoja. Bunge lililoketi kumjadili Katherine lilikuwa la walei kwa wingi wake, na walei wale wengi walikuwa wamenunua au kugawiwa ardhi za watawa kwa fadhila ya mfalme huyohuyo.

Ukimaliza hapo, mtafute mtu mmoja: Thomas Howard, Duke wa Norfolk. Ni mjomba wa Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry, aliyekatwa kichwa mwaka 1536, na ni baba mkubwa wa Katherine. Desemba 1541, kashfa ilipowafikia ndugu zake, alimwandikia mfalme barua ya kujitenga nao. Fuata jina lake ukurasa kwa ukurasa, uone siku zipi lina p na siku zipi halina, uzipange kando ya hatua za muswada. Kazi hiyo ni ya jioni moja tu, na itakupa aya ambayo mwenzako aliyesoma vitabu vya jumla hataipata. Mkumbuke mzee huyu, nitamrudia.

Ila usiiamini orodha kama unavyoamini daftari la benki. Kuna mfano maarufu wa baadaye sana. Tarehe 27 Mei 1679, Malodi walipopiga kura kuhusu mashauriano na Makabwela juu ya muswada wa Habeas Corpus, ule wa kumlinda mtu asifungwe bila sababu ya kisheria, daftari la katibu liliandika kura 57 dhidi ya 55. Jumla ni 112, lakini orodha ya waliohudhuria siku hiyo ina watu 107. Askofu Burnet, mwandishi wa historia ya nyakati zile, akaacha hadithi kwamba mhesabu kura mmoja alimhesabu lodi mnene kuwa watu kumi kwa mzaha, na mwenzake hakugundua. Hadithi ni tamu, wengi wanaipenda, lakini katibu aliyekosa kuwatia alama watu watano waliochelewa kuingia anatosha kabisa kueleza tofauti ile. Tumia orodha kuona mwelekeo, usiitumie kumtia mtu hatiani.

Chumba chenyewe kijue pia. Malodi walikutana katika jumba la Westminster, maaskofu upande mmoja na wakuu wa kidunia upande wa pili. Lodi Chansela, aliyeongoza kikao, aliketi kwenye gunia la sufu. Mwaka huo Chansela alikuwa Thomas Audley. Majaji wa mahakama kuu nao waliitwa na kuketi kwenye magunia hapo katikati, waulizwe sheria inasemaje, lakini kura hawakuwa nayo. Mpangilio wa nani akae wapi haukuwa desturi tu, kwani mwaka 1539 ulitungiwa sheria yake. Kura zilipopigwa kwa sauti, walianza na baroni mdogo kuliko wote, zikapanda hadi kwa wakubwa. Nia njema unaiona: mdogo aseme kabla hajamsikia mkubwa. Lakini mkubwa wa wote, mfalme, rai yake ilikuwa inajulikana hata kabla mlango haujafunguliwa.

Tuje kwenye karatasi. Wewe umekulia nchi ambayo muswada husomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Umesikia Dodoma Katibu akisoma jina la muswada, watu wakiendelea na mambo yao. Utaratibu ule tumeurithi kutoka Uingereza, ila wakati ule kusoma kulikuwa kusoma kweli. Miswada haikuchapwa ili kila mjumbe awe na nakala yake mkononi. Karatasi ilikuwa moja mezani kwa katibu, naye akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, wajumbe wakisikiliza. Mara ya kwanza ni kusikia. Mara ya pili ni kujadili na, muswada ukiwa na kasoro, kuwakabidhi watu wachache wakautengeneze, mara nyingi wakiwa na jaji au mwanasheria wa mfalme karibu yao. Baada ya hapo uliandikwa upya kwenye ngozi kwa mwandiko wa rasmi. Mara ya tatu ilisomwa ile ngozi yenyewe, ndipo ikaamuliwa. Kisha mwandishi aliandika juu ya ngozi hiyo, kwa Kifaransa cha kale cha kisheria, kwamba ipelekwe kwa Makabwela, nao wakaipitisha katika masomo matatu ya kwao.

Katika kumbukumbu safari yote hiyo inabanwa kwenye maneno machache ya Kilatini. Hodie prima vice lecta est Billa: leo muswada umesomwa mara ya kwanza. Siku nyingine utaona umekabidhiwa kwa fulani na fulani. Siku nyingine, umekwisha kwa kauli moja ya malodi wote. Kila mstari kama huo una saa nzima ya watu kuketi na kusikiliza nyuma yake.

Siku za kawaida zilijaa mambo madogo: mtu anaomba ruhusa ya kuuza ardhi ya urithi alipe madeni, mgeni anaomba afanywe raia, mjane anaomba sehemu yake ithibitishwe. Waombaji hao walilipa ada kwa maofisa wa bunge, na ada zile zilikuwa sehemu kubwa ya mapato ya katibu, hivyo usishangae akiziandika hatua za miswada midogo kwa uangalifu mkubwa. Tusikae hapo zaidi, isipokuwa ukumbuke aina moja ya muswada binafsi, ule wa kuwarudishia watoto haki walizopoteza baba yao alipotiwa hatiani. Mtu akihukumiwa kwa uhaini hakupoteza kichwa tu. Damu yake ilihesabiwa imeharibika, wanawe hawakurithi ardhi wala cheo, na dawa yake ilikuwa sheria nyingine. Familia kubwa za Uingereza ziliingia na kutoka kwa mlango huo mara nyingi.

Sasa fuata muswada wako. Kufikia Januari, wanaume wawili waliodaiwa kuwa na uhusiano wa mapenzi na Katherine, Thomas Culpeper na Francis Dereham, walikuwa wameshahukumiwa mahakamani na kuuawa tarehe 10 Desemba 1541. Yeye mwenyewe alikuwa amevuliwa umalkia Novemba na kuwekwa Syon, magharibi ya London. Tarehe 21 Januari muswada wa kumtia hatiani, pamoja na Jane Boleyn, yaani Lady Rochford, mhudumu wake wa karibu, ukasomwa mara ya kwanza katika Bunge la Malodi.

Kisha fika tarehe 28 Januari. Hapo ndipo ningekushauri utumie kurasa zako mbili kati ya tano. Audley, mtumishi wa mfalme, mtu aliyepanda cheo kwa kumtumikia Henry katika mambo magumu, anasimama na kuwaambia malodi wasiukimbize muswada ambao umesomwa mara moja tu. Hoja yake, kama katibu alivyoifupisha, ni kwamba Malkia si mtu wa chini na wa faragha, ni mtu mkubwa anayetazamwa na wote. Shauri lake liendeshwe kwa namna ambayo haitaacha nafasi ya kutilia shaka, wala ya yeye kusema baadaye kwamba alikandamizwa bila kusikilizwa. Akapendekeza mabunge yote mawili yatume wajumbe kwake, wamweleze wamekuja kwa nini na wasikie anasema nini. Malodi wakakubali, mradi mfalme aridhie.

Soma tena. Hakuna aliyesema Katherine hana kosa. Lakini katika bunge la mfalme, mkuu wa kikao ametamka kanuni ambayo wewe umefundishwa wiki ya kwanza chuoni, kwamba mtu asihukumiwe pasipo kupewa nafasi ya kujieleza. Na mahali alipoipatia nafasi ni ule mwanya kati ya somo la kwanza na la pili. Mwanya ndio ulioiruhusu kanuni iseme.

Linganisha na Juni 1540. Thomas Cromwell, aliyekuwa mshauri mkuu wa mfalme, alikamatwa tarehe 10 mwezi huo. Muswada wake ukasomwa kwa Malodi mara ya kwanza tarehe 17, na tarehe 19 wakawa wameumaliza. Hakuitwa ajieleze. Alikatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540, na siku hiyohiyo Henry akamwoa Katherine Howard. Malodi wa Januari 1542 walikuwa ni walewale, na jambo la Cromwell lilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu. Siwezi kuamini kwamba halikuwa vichwani mwao Audley alipokuwa akizungumza.

Tarehe 30 Januari, jumatatu iliyofuata, Chansela anarudi na maneno mengine. Baraza la mfalme halikupendezwa na ile safari. Badala yake bunge lishauriwe kumwomba mfalme asijisumbue moyo kwa jambo hili, hukumu za Culpeper na Dereham zithibitishwe, waliomsema Malkia vibaya wasije wakashtakiwa kwa maneno yao, na mfalme atoe ridhaa yake kwa hati yenye Mhuri Mkuu bila kufika mwenyewe bungeni. Hivyo siku mbili baada ya kauli ya haki, kauli imefunikwa. Utaona hakuna mahali palipoandikwa kwamba Audley alishindwa au alikemewa. Kuna tarehe mbili tu zilizokaa jirani, na tofauti kati yao. Mwanafunzi anayetafuta hotuba angepita bila kuona kitu.

Wajumbe walifika kwa Katherine hatimaye. Balozi wa Kaisari Charles V huko London, Eustace Chapuys, aliripoti kwamba alipewa nafasi ya kuja kujitetea bungeni akaikataa, akijiweka chini ya huruma ya mfalme. Barua za Chapuys zitafute, zitakufaa, ila ukumbuke ni mtu wa nje aliyekusanya habari kwa watu, na alikuwa na upande wake. Mwanzoni mwa Februari muswada ukamaliza safari yake katika mabunge yote mawili. Ijumaa, tarehe 10, Katherine akapelekwa kwa maji hadi Mnara wa London.

Halafu jumamosi, tarehe 11, siku yako. Chansela anatoa sheria mbili zilizotiwa mkono na mfalme, pamoja na hati yenye Mhuri Mkuu. Makabwela wanaitwa waje. Wakati wanangojewa, Duke wa Suffolk, Charles Brandon, anasimama kueleza kwamba yeye na wenzake walikwenda kwa Malkia, naye amekiri kosa kubwa alilomtendea Mungu, mfalme na taifa zima la Waingereza. Aliwasihi wamwombee kwa mfalme ili ndugu zake wasiadhibiwe kwa kosa lake. Na akaomba jambo moja zaidi: nguo zake wagawiwe wasichana waliomtumikia tangu alipoolewa, kwa kuwa hakubakiwa na kitu kingine cha kuwalipa. Earl wa Southampton akasimama kuthibitisha.

Katibu asiyeandika mijadala aliandika habari ya nguo. Kwangu mimi huo ndio mstari mzito kuliko yote katika karatasi zako. Katherine hakuwahi kusikika ndani ya chumba kile, na sauti yake ya pekee iliingia kupitia kinywa cha mtu mwingine, muswada ukiwa umeshapita, wakati watu wanasubiri mlango ufunguliwe. Usomwe kwa tahadhari pia: ni maneno ya Suffolk kuhusu maneno yake, na Suffolk alikuwa na sababu ya kuwahakikishia malodi kwamba wamefanya sawa. Ungamo lililoletwa dakika ile halikuwa sehemu ya hatua yoyote. Hakuna kura iliyolingoja. Lakini lilihitajika, na hilo peke yake linaonyesha kwamba neno la tarehe 28 Januari lilikuwa bado linawachoma.

Makabwela wakaingia na Spika wao, Sir Thomas Moyle, wakasimama, hati ikasomwa, ridhaa ikatamkwa kwa fomula ya Kifaransa, Le Roy le veult, mfalme ataka hivyo. Jambo lenyewe lilikuwa jipya. Hadi hapo mfalme alikuja mwenyewe kutoa ridhaa, kwa kawaida mwisho wa mkutano, miswada yote kwa pamoja. Sasa, kwa mara ya kwanza, ridhaa ilitolewa katikati ya mkutano, mfalme hayupo, na sheria yenyewe ikasema kwamba hati iliyotiwa mkono na mfalme na kupigwa Mhuri Mkuu ina nguvu sawa na kuwapo kwake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumwepusha mfalme na maumivu ya kusikia mambo yale yakisomwa tena. Kifungu hicho kilidumu katika vitabu vya sheria vya Uingereza hadi 1967.

Sheria ya pili siku ile usiiache. Lady Rochford alikuwa amepoteza akili gerezani, na sheria ya kawaida haikuruhusu mwendawazimu kushtakiwa na kuuawa. Basi ikatungwa sheria kwamba aliyetenda uhaini akiwa na akili zake aweze kushughulikiwa hata kama ameshikwa na wazimu baadaye. Miongo kadhaa mbele, mwanasheria mkubwa Edward Coke aliita sheria hiyo ya kikatili, isiyo ya kibinadamu, akasema haikuishi muda mrefu. Jumatatu, tarehe 13 Februari, wanawake wote wawili walikatwa vichwa katika Mnara wa London. Zilipita siku mbili kati ya fomula ile na shoka.

Utaulizwa na mhadhiri wako kuhusu waliopinga. Katika karatasi za 1542 hutapata hesabu ya kura, na "kauli moja" haina maana kwamba kila moyo ulikubali. Lodi aliyetaka kukwepa alikuwa na njia: kutofika, au kubaki shambani na kumpa mwenzake hati ya kumpigia kura. Njia hii ya pili ilitumika vibaya baadaye, hata Duke wa Buckingham akakusanya hati zaidi ya kumi mkononi mwake, ndipo mwaka 1626 Malodi wakaamua kwamba mtu asishike zaidi ya mbili. Lakini kuna nyakati upinzani ulionekana wazi: mwaka 1559 muswada wa ibada ya aina moja ulipita kwa Malodi kwa kura 21 dhidi ya 18, maaskofu waliokuwapo wakiukataa wote. Mijadala yenyewe tunaanza kuisikia vizuri katika miaka ya 1620, kwa sababu makatibu Robert Bowyer na Henry Elsyng walikuwa wakiandika vidokezo vya waliyosema wajumbe kabla ya kusafisha kumbukumbu rasmi. Kwa 1542 hatuna bahati hiyo.

Kwa hiyo, kwa kurasa tano: moja kwa chumba, watu na orodha, mbili kwa tarehe 28 na 30 Januari, moja kwa tarehe 11 Februari. Ya tano nakuomba umpe Duke wa Norfolk.

Desemba 1546 alikamatwa kwa uhaini pamoja na mwanawe, Earl wa Surrey. Mwana alihukumiwa mahakamani, akauawa tarehe 19 Januari 1547. Baba akaletewa muswada. Henry alikuwa mahututi, hawezi kufika Westminster, na ridhaa ikatolewa tarehe 27 Januari kwa hati yenye mhuri, kwa njia ileile iliyobuniwa ili kummaliza binti wa nduguye. Usiku wa kuamkia tarehe 28 mfalme akafa. Norfolk hakuuawa, lakini alibaki Mnarani miaka sita yote ya Edward VI, mwana wa Henry, mali na vyeo vyake vikiwa vimekwenda.

Mary, binti wa Henry, alipotawala mwaka 1553, bunge likatamka kwamba kile kilichoitwa hukumu ya Norfolk hakikuwa sheria hata siku moja. Walifungua ile hati ya ridhaa na kuikagua. Sheria ya 1542 ilitaka mkono wa mfalme mwenyewe. Hati ya 1547 ilikuwa na chapa ya saini iliyogongwa na watumishi, tena imewekwa chini mahali ambapo mfalme hakuzoea kutia mkono. Kwa kasoro hiyo mzee wa miaka themanini akarudishiwa cheo, ardhi na kiti chake miongoni mwa malodi, akakaa nacho hadi alipofariki Agosti 1554. Kumbukumbu za mwaka ule pia zimechapwa, na jina lake, Norfolk, limo katika safu ya madyuki. Zitafute ulinganishe na zile ulizo nazo.